Mpwa wangu alivyosomea ualimu wa mashua za tanga Maskati

Siku aliyoambiwa hajapita, mpwa wangu hakulia. Aliingia ndani, akavua viatu vilivyojaa mchanga, akanambia "Shikamoo Mjomba," kisha akakaa zuliani akawa anaitazama mikono yake. Mamake akamletea gilasi ya maji. Sote tulijua alikotoka, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwishowe akasema mwenyewe: "Wamenambia tanga najua. Kufundisha bado."

Mimi nimeshika chaki miaka 33, Mombasa na viunga vyake, hisabati na jiografia. Sasa nimestaafu, na kila baridi inapoingia Oman huja Seeb kwa dadangu kukaa miezi miwili mitatu, kunywa kahawa na kuambiwa nimekonda. Kwa hivyo neno lile, "kufundisha bado", lilinipata mimi kabla halijampata yeye. Nikajiambia, haya bwana, hapa ndipo pako.

Nayaandika haya kwa sababu najua wako wazee wenzangu, Dubai, Doha, London, na kwengineko, ambao mtoto amekuja na maneno kama haya: nataka kuwa mwalimu wa mashua za tanga. Mzee anasikia mchezo. Anasikia mtoto aliyesomeshwa kwa shida anataka kushinda pwani. Mie nilisikia hivyo hivyo. Dadangu alisikia jambo jengine kabisa, na sababu anayo.

Sisi ni watu wa Lamu. Baba yetu alikuwa nahodha wa jahazi, Lamu na Mombasa, Mombasa na Unguja, boriti kwenda na vyakula kurudi. Ndugu yake, ami yetu, alitoka Lamu na chombo chengine msimu wa kusi na hakufika. Hakuna kilichopatikana, wala ubao. Dadangu wakati ule alikuwa na miaka 6, na anakumbuka nyumba ilivyojaa watu. Hata leo husema neno "matanga" halitaki nyumbani kwake, likiwa la msiba wala likiwa la chombo. Binti yake alipomwambia anataka kazi ya baharini alimjibu neno moja tu: "Sikukuleta Oman ufe maji kama ami."

Lakini bahari ilikuwa imeshaingia nyumbani zamani, kwa mlango wa shule. Binti alipokuwa mdogo walipelekwa pwani na walimu wao kujaribu Optimist. Asiyeijua, Optimist ni kijimashua cha mtoto mmoja, urefu kama mita 2.3, uzito kilo 35, omo yake imekatwa butu kama sanduku. Kilichorwa na Mmarekani Clark Mills huko Florida mwaka 1947, na leo watoto wa dunia nzima wanaanzia humo. Ukikitazama utacheka. Baba yangu angelikiona angesema ni beseni. Lakini mtoto wa miaka 9 akikaa humo peke yake, kana mkono mmoja na demani mkono wa pili, hana wa kumlaumu na hana wa kumsaidia, na upepo anaujua kwa siku tatu kuliko mimi nilivyoujua kwa miaka mitano juu ya jahazi la baba.

Oman nayo ilikuwa inaamka wakati huo. Oman Sail ilianzishwa mwaka 2008 kurudisha ubaharia kwa vijana wa nchi. Mwaka uliofuata Mohsin Al Busaidi akaizunguka dunia na wenzake kwa mashua ya Musandam bila kutia nanga popote, siku 76, Mwarabu wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2011 ukaanza mpango wa wanawake. Mwaka 2013 mashindano ya dunia ya Laser yakafanyika Al Mussanah, mwendo wa gari kama saa moja kutoka Maskati. Vijana waliokulia humo wameona tanga ni kazi ya mtu mwenye akili. Siyo kama sisi, tuliokimbizwa shule ili tusiwe mabaharia.

Sasa njia yenyewe. Shule nyingi za tanga za Ghuba, na za Uingereza ndiyo asili yake, hufuata utaratibu wa RYA, chama cha tanga cha Uingereza kilichoanza mwaka 1875. Anayetaka ualimu wa mashua ndogo awe ametimia miaka 16. Awe na cheti cha huduma ya kwanza. Awe na cheti cha kuendesha boti ya injini, daraja la pili, kwa sababu mwalimu mara nyingi hufundisha akiwa ndani ya boti pembeni, na akizembea na injini ile atamkata mwanafunzi miguu. Asome pia namna ya kulinda watoto. Hayo yote ni makaratasi, yanahitaji ada na subira, mpwa wangu aliyamaliza bila taabu.

Kisha unapimwa baharini, kabla hata hujakubaliwa kuingia kozi. Hapa nilipomsikia akieleza ndipo nilipoanza kuacha kudharau. Unatakiwa uje na tanga mpaka ubavuni mwa chombo kilichotia nanga, usimame hapo bila kukigonga. Ushike boya. Uitoe mashua pwani na uirudishe wakati upepo unakusukuma nchi kavu. Ukizunguke chombo kilichosimama, duara la karibu karibu, mara upepo uko mbele mara uko nyuma, bila kukigusa wala kupotea mbali. Unatupiwa majini dubwana la mpira, hilo ndilo mtu aliyeanguka, nawe ugeuze umfikie ukiwa umepunguza mwendo, tanga limelegea, umtoe. Unaipindua mashua kusudi na kuisimamisha tena.

Na usukani unang'olewa. Naam, unang'olewa, unawekwa ndani, na unaambiwa nenda, zunguka maboya matatu urudi. Mashua unaiongoza kwa tanga na kwa uzito wa mwili wako tu. Ukivuta demani inataka kuelekea kwenye upepo, ukiilegeza na kuulaza mwili upande wa joshini inaukimbia. Nilipolisikia hilo nikamkumbuka baba. Mara moja usukani wao ulivunjika karibu na Kipini, wakaingia Lamu kwa tanga na kasia. Alilisimulia kisa kile mpaka anakufa kama muujiza. Wajukuu wake wanatahiniwa nalo siku ya Jumamosi asubuhi.

Mtihani huo wa kwanza mpwa wangu aliupita, na aliyemtahini alimsifu. Ndipo akaingia kozi yenyewe, siku 5.

Siku hizo tano si za kujifunza tanga. Ni za kujifunza kumpa mtu mwengine tanga. Kila kitu kina mpango. Kwanza mashua iko nchi kavu, juu ya gari lake, wanafunzi wanakaa ndani kwa zamu na kugeuza pasipo maji: tazama nyuma, uliza "tayari?", sukuma kana iende mbali nawe, hama upande, badilisha mikono, kaa. Tena. Tena. Wakiingia majini, somo la kwanza ni kwenda na kurudi baina ya maboya mawili, upepo ukiwa ubavuni, kwa maana hapo ndipo chombo kinapotii kuliko mahali pengine popote. Kubisha huja baadaye. Kabla ya yote mwanafunzi anafundishwa kusimama: ukitishika, achia demani, tanga litapiga kelele kama kuku na mashua itapoa yenyewe. Mimi naona hiyo ndiyo hekima kubwa ya kozi nzima, mtu kuonyeshwa mlango wa kutokea kabla ya kuingizwa chumbani.

Kisha ziko nguzo tano ambazo mwalimu hazitoki kichwani: tanga limevutwa sawasawa, mashua haijalala upande, uzito hauko sana mbele wala sana tezini, ule ubao wa katikati unaoshushwa majini kuzuia mashua isichukuliwe ubavu umeshuka kiasi gani, na njia unayokwenda kweli ndiyo unayodhani unakwenda. Kosa lolote la mwanafunzi limo katika moja ya hizo. Mwalimu mzuri huiona, na huitaja moja tu kwa wakati mmoja. Hesabu ya wanafunzi pia imewekwa. Ndani ya mashua ya watu wengi mwalimu hupewa watatu, na wakiwa kila mmoja na mashua yake basi sita. Mimi niliyefundisha darasa la watoto 54 nilimwambia, mnadekezwa nyinyi! Akanijibu, "Mjomba, wako wangeweza kuzama?" Nikanyamaza.

Siku ya tano huja mtu wa nje, ambaye hakuwafundisha, kuwatazama. Akamtazama mpwa wangu na wanafunzi wake watatu, mmoja wao bwana wa makamo, mhasibu, mwoga kidogo. Kila yule bwana alipokwama, upepo ukimkatikia usoni na mashua imesimama kama punda, mpwa wangu alinyosha mkono, akashika kana, akairekebisha, akamrudishia. Upole mtupu. Na kila mara akisema, "Hivi, umeona?" Yule msimamizi alikuwa na kijidaftari. Jioni akamwambia: umeshika kana yake mara saba. Umeendesha vizuri sana. Yeye hakuendesha.

Aliponisimulia hayo nilicheka, akaudhika. Nikamwambia sikuchekei wewe, najicheka mimi.

Nilikuwa na miaka 9 baba aliponipandisha jahazini nijifunze. Alikuwa nahodha hodari, Lamu nzima ilijua. Akanipa kana mbele ya Manda, maji yametulia. "Shika joshi," akasema. Joshi sikulijua ni lipi. Nikasukuma. "Siyo huko!" Nikavuta. "Siyo hivyo!" Akaninyang'anya, akaishika yeye, chombo kikanyooka kama kimeaibika. Akanirudishia. Hivyo hivyo mpaka jua la saa saba, na kofi moja njiani. Sikumlaumu wala simlaumu leo, Mungu amrehemu, yeye mwenyewe alifunzwa kwa kamba mgongoni. Lakini mwaka uliofuata nilipopata nafasi ya kusoma bara, na baadaye sekondari ya mapadri, nilishukuru. Nimeishi kwa kusema "mie si mtu wa bahari". Ukweli ni kwamba kana sikuwahi kuishika zaidi ya dakika moja mfululizo.

Na mimi nikafanya dhambi ile ile ubaoni. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi mkaguzi alikaa nyuma ya darasa, nikatoa hesabu za aljebra kwa mwandiko mzuri, kila mtoto aliyesimama akasita nilimnyang'anya chaki nikammalizia. Kengele ilipolia mkaguzi akanambia, "Mwalimu, leo umefaulu wewe." Nilikasirika mwezi mzima.

Basi tukaanza shule sebuleni. Mti wa ufagio ukawa kana. Mito ya kukalia ikapangwa ikawa mashua, mkanda wa kanzu yangu ndio demani. Wanafunzi walikuwa mimi, mtoto wa jirani wa miaka 11, na dadangu mwenyewe, ambaye mwanzo alisema yeye hakai katika mambo hayo, halafu siku ya pili akauliza kwa nini zamu yake haifiki. Sharti langu kwa binti lilikuwa moja: ukalie mikono yako. Si maneno ya fumbo, nilitaka aiweke chini ya mapaja. Mwanafunzi akikosea, hesabu mpaka tano. Wengi hujirekebisha kwenye nne. Asipoweza, uliza kwanza, "Upepo unatoka wapi?" Akishindwa na hilo, ndipo umwambie neno moja la kufanya. Mkono wako uje tu pakiwa na hatari, na ukija useme kwa nini umekuja.

Ilimuuma, nilimwona. Mtu anayejua kitu kwa mwili wake hawezi kustahamili kukiona kinafanywa vibaya. Alikuwa anang'ata mdomo. Mara moja mamake aliisukuma "kana" upande usio, na kwa hesabu ya sebule chombo kikawa kimegeuka na tanga limempita juu ya kichwa kwa kishindo. Binti akahesabu. Moja, mbili, tatu. Mamake akatazama feni, maana feni ndiyo tuliyoifanya upepo, akasema polepole, "Nilitakiwa nisukume kule." Hakuna aliyesema kitu. Dadangu ana miaka 61, na hilo ndilo jambo la kwanza la bahari alilolijua mwenyewe.

Sebule haitoshi, bila shaka. Shule ilimkubali awe msaidizi, analipwa kidogo, chini ya mwalimu mkuu, na kwa miezi minne alikuwa pwani kila Ijumaa na Jumamosi na watoto. Kutwika mashua, kuosha matanga kwa maji ya baridi, kuhesabu majaketi ya kuelea, kumfuta kamasi aliyeanguka. Aligundua kwamba mtoto wa Optimist ukimfokea toka kwenye boti hasikii ila ukali. Upepo unachukua maneno, unamfikishia uso tu. Kwa hivyo akajifunza kuja upande wa chini ya upepo, kuzima injini, kuita jina kwanza, kisha neno. Mambo kama hayo hayamo katika kitabu changu chochote cha ualimu.

Alipoitwa tena kutahiniwa alipita. Yule mtu wa kijidaftari safari hii alikuwa mwengine, mwanamke. Aliandika, alivyonambia mpwa wangu, kwamba wanafunzi walizungumza kuliko mwalimu. Cheti ni cha miaka 5, na kile cha huduma ya kwanza lazima kihuishwe kila miaka 3, la sivyo cha ualimu hakina kazi.

Wazazi mtaniuliza juu ya pesa. Niseme kweli: siyo mshahara wa kampuni ya mafuta. Kazi nyingi ni za msimu. Maskati na Dubai majira mazuri ni ya baridi. Kiangazi joto linapita digrii 40, na masomo huwa ya alfajiri au hufungwa. Wengine huondoka wakati huo kwenda Ugiriki na Uturuki, ambako kampuni za likizo huchukua walimu wenye cheti hiki hiki, na makazi hutolewa. Mlioko Marekani chama chenu ni US Sailing, nacho kina kozi yake ya walimu wa mashua ndogo. Mlioko Uingereza msidhani mpaka muwe karibu na bahari, kwani klabu nyingi ziko kwenye maziwa ya kuhifadhia maji katikati ya nchi. Mtoto aanze kama mwanafunzi, kisha msaidizi, ndipo mtaona kama ni hamu ya kweli au ni ya video. Mwenye kuendelea, baada ya mwaka mzima wa kufundisha, au miwili kwa vipindi, anaweza kusomea ualimu mwandamizi, na huko ndiko kuliko na uendeshaji wa shule na mshahara wa kumweka mtu mahali.

Hofu ya dadangu haikuisha, na sitaandika kwamba imeisha. Siku binti akiwa kazini na upepo ukivuma hupanda darini kutazama upande wa bahari, ingawa kutoka pale haionekani. Alichokipata ni maswali mapya. Zamani aliuliza, "Umerudi?" Siku hizi huuliza, "Walikuwa wangapi leo? Boti ya kuokolea ilikuwepo? Ulishusha matanga saa ngapi?" Analitamka neno hilo sasa, na halimkwami.

Wiki moja kabla sijarudi Mombasa mpwa wangu alinichukua. Saa kumi alasiri, upepo wa baharini umeshaingia, wa wastani. Nilivaa jaketi nikafanana na furushi. Mashua ya watu wawili watatu, tanga jeupe lenye namba. Akaniweka tezini, akanipa kana. Kweli, siyo ya ufagio. Inatetemeka mkononi kama kitu chenye uhai. Niliisukuma upande usio, kama mbele ya Manda mwaka ule, tanga likaanza kupigapiga, mashua ikasimama na kuyumba, nikasikia mwili wangu unangojea kofi. Nikamtazama. Alikuwa amekaa mbele yangu, amekalia mikono yake yote miwili, midomo ikienda kimya kimya: moja, mbili, tatu.

"Mjomba," akasema, "upepo unatoka wapi?"

Nikageuza shavu kuutafuta.